Makabati mengi Mwanza huharibiwa na usafi, si na fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba makabati ya kutengenezesha kwa mafundi wetu hapa Mwanza hayadumu, kisha akawashauri wasomaji waachane na mbao na kununua makabati ya bodi yanayoletwa yakiwa tayari. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Nyakato, na kwa miaka ya karibuni kazi inayonipa riziki zaidi si kutengeneza makabati mapya bali kukarabati yaliyotengenezwa na wengine. Nakubaliana naye kwamba wapo mafundi wanaotumia mbao mbichi na kuharakisha kazi, na hao sina nia ya kuwatetea. Lakini makabati mengi ninayoitwa kuyatazama, kuanzia Isamilo na Capripoint hadi Igoma na Buhongwa, yalitengenezwa vizuri na mbao zake ni nzuri. Kilichoyaharibu ni namna yanavyosafishwa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu familia hujinyima kwa muda mrefu ili kupata kabati la mninga au la mkongo, na mti wenyewe ulikua kwa miaka mingi katika misitu ya Tabora au Katavi kabla haujafika kwenye msumeno.

Adui wa kwanza ni maji ya kudekia. Sakafu zetu hudekiwa kila siku, na kwa wengi wetu nyumba haihesabiwi kuwa safi mpaka maji yamwagwe na kusukumwa hadi pembeni, na pembeni huko ndiko kabati lilikosimama. Anayetaka kuona ninachosema afungue mlango wa kabati lililo chini ya sinki, apige magoti, na amulike kwa tochi ya simu ubao wa chini kabisa, ule unaogusa sakafu. Ataona vanishi imepauka na kuwa nyeupe. Juu yake kidogo ataona mstari mweusi unaofuata urefu wa ubao. Na akibonyeza kwenye kona kwa ukucha, ukucha utazama. Mbao hunywa maji kwa wingi zaidi kupitia vichwa vyake, yaani pale ilipokatwa kwa kukingama nyuzi, kuliko kupitia ubavuni, na vichwa hivyo ndivyo vinavyokaa sakafuni kwenye miguu na nguzo za kabati. Kwa bahati mbaya ndivyo pia ambavyo mafundi wengi huviacha bila kuvipaka chochote, kwa kuwa havionekani, na hapa lawama ya msomaji mwenzangu inatustahili.

Dawa yake si ngumu. Fundi anayejali kazi yake hupaka vanishi vichwa vya miguu mara mbili au tatu, mpaka visinywe tena, na huliinua kabati kwa miguu ya plastiki au kwa vipande vya vigae ili maji yapite chini bila kuligusa. Kabati lililokwisha kuwekwa linaweza kunyanyuliwa siku moja, miguu ikakaushwa vizuri kivulini, ikapigwa msasa na kupakwa. Lililojengewa ukutani na haliwezi kunyanyuliwa lipigiwe mstari wa silikoni ya bafuni mahali ubao unapokutana na kigae, baada ya kuhakikisha kwamba ubao umekauka, kwa sababu ukifungia unyevu ndani utauozesha ubao huo kwa mikono yako mwenyewe. Kuhusu kudeki, dekio likamuliwe hadi lisidondoshe, na sakafu ya hatua moja ya mwisho kabla ya kabati ifutwe kwa kitambaa cha mkono. Hayo makabati ya bodi anayoyapendekeza ndugu yangu yametengenezwa kwa unga wa mbao au vipande vyake vilivyogandamizwa kwa gundi. Maji yakiingia bodi hiyo huvimba na kupasua ngozi yake ya juu, na hata ikikauka hairudi katika unene wake wa awali. Mbao halisi iliyolowa, mara nyingi, hurudi. Kwa nyumba inayodekiwa kwa ndoo nzima ya maji, kuhama kutoka mbao kwenda bodi ni kukimbilia mahali pabaya zaidi.

Nizungumzie sasa ufutaji wa kila siku, ambao watu hudhani hauna elimu yake. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya matale, na vumbi linaloingia madirishani wakati wa kiangazi lina chembe ndogo ngumu za mawe hayo. Ukichukua tambara kavu na kusugua mlango wenye vumbi hilo, unaipiga vanishi msasa, na baada ya miaka michache mlango uliokuwa unang'aa utakuwa umefifia hata kama hakuna aliyeugusa kwa kitu kingine. Vumbi liondolewe kwanza kwa brashi laini, au kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, kikigeuzwa mara kwa mara ili upande uliochafuka usirudi tena kwenye mbao. Vivyo hivyo wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao usiku mwingine huvamia taa kwa maelfu na asubuhi ukawakuta wamelala juu ya kaunta na kando ya milango: wapunguzwe kwa brashi wakiwa wakavu, kwa maana wakisagwa kwa tambara bichi hupaka uchafu unaonata kwenye nyuzi za mbao.

Mafuta ya jikoni ni habari nyingine. Nyumba inayokaanga sato na dagaa mara kwa mara hujaza hewani mvuke wa mafuta, na mvuke huo hutua kwenye milango iliyo juu na pembeni ya jiko, ukachanganyika na moshi na vumbi mpaka ukawa utando wa rangi ya kahawia unaonata vidoleni. Utando huu haufutiki kwa maji matupu, na ndipo watu wanapochukua stili waya au sabuni ya unga. Maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo yanatosha. Chovya kitambaa, kikamue, futa eneo dogo kwa kufuata mkondo wa nyuzi, kiache kitambaa kikae juu ya utando kwa muda mfupi pale palipogandamana, kisha futa tena. Baada ya hapo pitisha kitambaa cha pili chenye maji safi, nacho kikamuliwe, kuondoa sabuni, na mara hiyo hiyo kausha kwa kitambaa cha tatu kikavu. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu maji yanayoachwa yakauke yenyewe hukusanyika kwenye ukingo wa chini wa mlango na kwenye maungio ya fremu, mahali ambapo vanishi huwa nyembamba. Zingatia pia eneo linalozunguka vishikio. Huko kuna jasho na mafuta ya mikono, na vanishi huchakaa huko kabla ya kwingineko. Mwenye kufuta milango ya karibu na jiko mara moja kwa wiki hatahitaji kamwe kusugua.

Stili waya isiguse mbao kabisa. Licha ya kukwaruza, huacha vipande vidogo vya chuma visivyoonekana, na chuma kikikutana na maji juu ya mbao yenye tanini nyingi, yaani ile kemikali ya asili ya mti, huacha madoa meusi ambayo hayatoki kwa kuosha. Dawa ya kutakatisha nguo nyeupe nayo isikaribie, kwa kuwa huishambulia vanishi na kuibabua rangi ya mbao palipo na upenyo.

Kuna jambo ambalo nimelieleza kwa wateja wengi na bado halijaeleweka, nalo ni kuyapaka makabati mafuta. Watu huamini kwamba mbao inakauka na inahitaji kulishwa, kwa hiyo wengine hupitisha mafuta ya taa, wengine mafuta ya kupikia, na wenye uwezo hununua dawa za kupulizia zinazoacha mng'ao na harufu nzuri. Kabati lililopigwa vanishi limefungwa, na mafuta unayoyapaka hayaifikii mbao hata kidogo. Yanabaki juu, yanakamata vumbi, na mafuta ya kupikia baada ya muda huchacha na kunata kuliko uchafu uliotaka kuuondoa. Mafuta ya taa huacha harufu ndani ya kabati la vyombo na vyakula, na kuyapaka kwenye mbao iliyo karibu na moto wa jiko ni hatari ambayo haihitaji maelezo. Zile dawa za kupulizia zenye silikoni zina madhara yanayochelewa kuonekana. Siku utakapomwita fundi akupakie vanishi upya, vanishi hiyo itajikunja na kuacha vitundu vidogo vya mviringo mlango mzima, kwa sababu haikubali kushika mahali palipo na silikoni, na fundi atapiga msasa na kuosha kwa thina mara kadhaa kabla ya kuishinda. Nimewahi kuona kazi nzuri ikifutwa na kuanzwa upya kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba akiamini kwamba fundi alinunua vanishi mbovu.

Kabla ya kuamua lolote, mwenye kabati ajue limepakwa nini na hali yake ikoje. Dondosha tone la maji juu ya mlango karibu na kishikio. Tone likibaki limejikusanya, vanishi ni nzima na kinachohitajika ni kufuta tu. Likitandaa na baada ya dakika chache likaacha doa lililokolea, maji yamefika kwenye mbao, na huo ndio wakati wa kumwita fundi apige msasa mwepesi wa namba 240 au 320 na kuongeza mkono mmoja au miwili ya vanishi. Anayesubiri mpaka mbao iwe nyeusi atalipia kazi ya kukwangua hadi chini, ambayo ni ghali mara nyingi zaidi. Ili kutambua aina ya vanishi, fundi hupitisha pamba yenye thina kidogo sehemu iliyojificha, kwa mfano nyuma ya bawaba: laka hulainika na kunata, ilhali poliurethani haibadiliki upesi. Tofauti hii ina maana kwa mtumiaji, kwa sababu laka huathirika haraka na joto la sufuria na kikombe cha chai, na alama nyeupe ya mviringo inayobaki huwa ni unyevu ulionaswa ndani ya laka yenyewe. Alama nyeupe mara nyingi hufifia ikiachwa ikauke. Alama nyeusi imekwisha kuingia kwenye mbao na haitaondoka kwa kusubiri.

Yapo makabati machache ambayo hayakupigwa vanishi, bali yalipakwa mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, au nta ya nyuki. Hayo ndiyo pekee yanayofaa kupakwa tena mafuta au nta, mara moja au mbili kwa mwaka, kwa tabaka jembamba linalosuguliwa mpaka kitambaa kisitoke na kitu. Natoa onyo moja ambalo ningependa lisomwe kwa makini: matambara yaliyolowa mafuta ya linsidi yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kuguswa na moto. Yatandazwe nje moja moja hadi yakauke na kukakamaa, au yatumbukizwe kwenye ndoo ya maji.

Nirudi kwenye malalamiko ya milango kubana, ambayo msomaji mwenzangu aliyataja kama ushahidi wa kazi mbaya. Kila mwaka, masika yanapokolea kati ya Machi na Mei, napigiwa simu na watu wanaotaka milango ya makabati ipigwe randa, na mara nyingi nawaomba wasubiri. Mbao huvuta unyevu wa hewa na kuutoa, ikitanuka na kusinyaa kwa upana wake, huku urefu ukibadilika kwa kiasi kisichoonekana. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hivi, mbao hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Mvua zikizidi, kiasi hicho hupanda, na kiangazi cha Juni hadi Septemba hukishusha tena. Mlango uliopunguzwa kwa randa mwezi wa Aprili utaacha mwanya mwezi wa Agosti, na mwanya huo hauna dawa. Subira ya wiki kadhaa, kurekebisha skrubu za bawaba, na kusugua nta kidogo kwenye ukingo unaobana hutosha mara nyingi. Mninga husifiwa kwa utulivu, haubadiliki sana. Msindano hubadilika zaidi, na wateja wa kipato cha kawaida wanaotumia msindano wasione kwamba wametapeliwa mlango unapobana kidogo mvuani. Mlango ukibana mwaka mzima, au ukipinda kiasi cha kutofunga, hapo ndipo fundi aulizwe kama alitumia mbao mbichi, au kama alipaka vanishi upande wa nje tu na kuuacha wa ndani mtupu, kwa sababu upande mmoja ukivuta unyevu kuliko mwingine, mlango lazima upinde. Na yeyote atakayepaka upya milango ya fremu asijaze gundi wala vanishi nzito kwenye mfereji unaoshika ubao wa katikati. Ubao huo uliachwa huru makusudi ili uende na kurudi, na ukigandishwa utapasuka.

Makabati ya nguo yana shida yao. Katika nyumba zilizo karibu na maji, na zile zilizochimbiwa kwenye miteremko ya mawe ambako ukuta wa nyuma hupokea maji ya mlimani, kabati lililosukumwa hadi kugusa ukuta huota koga mgongoni na hatimaye ndani. Liachwe nafasi ya vidole vitatu au vinne, nguo zisitiwe ndani kabla hazijakauka kabisa, na milango iachwe wazi kwa saa chache siku za jua. Koga ikifutwa kwa kitambaa cha maji ya sabuni na mahali pale pakakaushwa vizuri, hairudi kama hewa inapita.

Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda hadi kukifikia na kukipita kidogo kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu mwaka 1964, nyumba nyingi za ufukweni ziliingiliwa na maji, nami nilipata nafasi ya kuona tofauti niliyoieleza hapo juu. Makabati ya bodi yalitupwa. Ya mbao, yale ambayo wenyewe waliyatoa ndani, wakaondoa droo na milango, wakaosha tope kwa maji safi na kuyaanika kivulini penye upepo kwa wiki kadhaa, yalihitaji gundi mpya kwenye maungio na vanishi upya, basi. Yaliyoanikwa juani ili yakauke haraka yalipasuka, kwa sababu sehemu ya nje ilisinyaa wakati ya ndani ingali imejaa maji.

Kuhusu wadudu nitasema machache. Mchwa hupanda kutoka ardhini kupitia nyufa za ukuta, na njia zao za udongo huonekana nyuma ya kabati, kwa hiyo kupaka dawa kabati peke yake na kuuacha ukuta ni kupoteza fedha. Bungua huacha matundu madogo na unga laini chini yake. Hupenda sehemu nyeupe ya nje ya gogo, ambayo fundi mwaminifu huikata na kuitupa, nao hutaga mayai kwenye mbao ambayo haikupakwa. Ukiona unga umerudi siku chache baada ya kuufagia, bado wamo.

Mhariri, mtu anayesafisha makabati katika nyumba nyingi za mjini ni dada wa kazi, na sijawahi kuona fundi akimwita dada huyo siku ya kukabidhi kazi na kumweleza chochote. Maelezo, kama yapo, hupewa mwenye nyumba, ambaye hashiki tambara wala dekio. Nimekuta mahali dada akikatwa mshahara kwa ajili ya mlango uliovimba, wakati hakuna aliyemwambia kwamba maji hayafai, na sabuni ya unga ndiyo aliyopewa. Hiyo si haki. Fundi akabidhi kazi kwa anayeisafisha, amwonyeshe kwa vitendo namna ya kukamua kitambaa na kukausha, na kazi hiyo haichukui hata nusu saa. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kusaidia sana kwa kumfundisha kijana kwamba kukabidhi ni sehemu ya kazi sawa na kupiga randa.

Mafundi wenzangu nawaomba pia tuandike, kwa penseli, upande wa ndani wa mlango mmojawapo wa kila kabati: aina ya mbao, aina ya vanishi na idadi ya mikono iliyopigwa, mwezi na mwaka, na kama mgongo na miguu vilipakwa au la. Fundi atakayeitwa baadaye atajua pa kuanzia, na mwenye nyumba atajua kama anapaswa kufuta tu au kupaka. Wateja nao wana nguvu ambayo hawaitumii, kwa kuwa karibu kila kabati hapa mjini hulipwa kwa awamu. Wasimalizie awamu ya mwisho kabla hawajafungua mlango na kuyasoma maandishi hayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi seremala,
Nyakato, Mwanza.